Fuvu la Mzee, Kichwa cha Mtoto

Shoga, leo nimeaibika mpaka nimetamani ardhi ipasuke inimeze.

Yule mtoto wa kifafa, wa miaka mitatu. Nimempima umeme wa ubongo vizuri tu, kompyuta ikatafuta kifafa kinaanzia wapi. Kumbe nilisahau kubadilisha namba za fuvu, zile zinazoiambia kompyuta mfupa unapitisha umeme kiasi gani. Nimeacha za mzee niliyempima jana!

Fuvu la mtoto linapitisha umeme kirahisi, la mzee linauzuia. Alama ya pa kupasua ikakaa sentimita mbili pembeni. Sentimita mbili, shoga, na kesho ndiyo wangempasua!

Daktari wa upasuaji kaniuliza mbele ya wote, “Hili fuvu la nani?”

Nikakiri: la mzee wa jana.

Upasuaji umeahirishwa, nirudie hesabu. Mama mtoto, aliyeambiwa tu kwamba tunahakikisha vipimo, kanifuata koridoni, kanishika mikono yote miwili: “Ahsante mwanangu, kwa kuwa makini.”

Nikamjibu, “Usijali, mama.”

Usijali! Mimi!