Nilimdanganya Baba Kuhusu Mpira wa Kioo

Mpendwa mshauri Bi. Mwanasiti,

Naomba msaada wako, na naomba usilione jambo langu dogo kwa sababu linahusu motokaa, maana mwanzoni hata mimi nilidhani ni la motokaa tu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne, nasoma darasa la saba, tunakaa karibu na Dagoretti Corner, na baba yangu, Zadock, ni fundi aliyekuwa River Road miaka mingi, na tangu mwaka jana anafanya kazi Kileleshwa kwa bwana mmoja Mzungu ambaye ana motokaa ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba yake, na anataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Baba anaifanya kazi hiyo pamoja na Bwana Kiragu, ambaye ni Mkikuyu na analala katika chumba cha watumishi huko huko, na wamekuwa marafiki tangu River Road, na mdogo wangu alipozaliwa Bwana Kiragu ndiye aliyemletea blanketi.

Bwana yule aliagiza Ulaya mipira mipya ya vioo, ile inayozunguka kioo ili kisitikisike na mvua isiingie, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino, na pamoja na mipira kikaja kitabu cha ufundi wa gari hilo lote, naye akamwambia Baba, "Fuata kitabu. Sitaki ufundi wa River Road hapa." Baba hawezi kusoma Kiingereza, basi akasema binti yake anaweza, na tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikuwa nawapelekea chakula na kuwasomea kitabu, na Jumapili Baba aliwaambia watu kanisani kwamba mimi ndiye fundi mkubwa wa Kileleshwa.

Jumamosi ya kioo cha nyuma nilifungua ukurasa nikakuta maneno mengi nisiyoyajua, na Baba alikuwa amekishika kioo kwa mikono miwili, na Bwana Kiragu ameushika mpira, wote wawili wananitazama. Bwana Kiragu akasema, "Mwalimu, soma basi! Ama hiyo kitabu imelala?"

Baba akamwambia, "Wacha mtoto asome. Hii Kiingereza si ya sokoni."

Niliona aibu kusema sijui, na kwa kuwa kurasa zote za mbele zilikuwa zimetaja grisi, grisi ya springi, grisi ya magurudumu, nikapitisha kidole kwenye mistari kana kwamba nasoma, nikasema, "Kinasema mpake grisi kwenye mpira wote, ili kioo kiingie kwa urahisi."

"Grisi? Kwa mpira?" akasema Bwana Kiragu. "Zadock, si ni wewe ulinifundisha maji ya sabuni?"

"Hiyo ilikuwa akili ya njaa," Baba akamjibu. "Hawa ndio walitengeneza gari. Wewe, Kiragu, umetengeneza gari gani? Ile ya matope, wakati ulikuwa unachunga mbuzi?"

Wakacheka, hata mimi nikacheka. Bwana Kiragu akaupaka mpira grisi kwa kidole, pole pole, hakuacha pembe hata moja, wakapitisha kamba kwenye mfereji wa mpira, Baba akaingia ndani akaivuta kamba huku Bwana Kiragu akikisukuma kioo kutoka nje, na kioo kikakaa vizuri hata mwenye gari akaja akakigonga kwa kucha akatabasamu.

Jumatatu, kwa kuwa moyo ulikuwa hautulii, nilimwandikia mwalimu wetu yale maneno niliyoyakumbuka, akanieleza kwamba mafuta ya aina yoyote huula mpira, na kwamba bila shaka kitabu kinaonya yasiuguse, yatumiwe maji ya sabuni tu. Jumamosi iliyofuata nilikisoma tena kitabu chenyewe, na ndivyo kilivyosema. Nilikuwa nimeazimia kumwambia Baba, lakini akanionyesha kioo mbele ya Bwana Kiragu akasema, "Tazama kazi ya masomo," nami nikanyamaza.

Mvua kubwa ilipokuja mpira ulikuwa umevimba na kulegea, maji yakaingia, yakaharibu mbao mpya na kitambaa cha viti, kisha kioo kikateleza kikapasuka toka upande mmoja hadi mwingine, na kioo cha namna hiyo hakipatikani Nairobi yote. Mwenye gari alimkuta Bwana Kiragu peke yake, kwa sababu Baba alikuwa amekwenda mjini kutafuta skurubu, akamwuliza nani aliyepaka grisi, naye akasema ni yeye. Akaulizwa nani aliyemwagiza. Hakujibu. Basi bwana akasema ameharibu mali yake makusudi, na katika siku hizi za Hali ya Hatari, mshauri, unajua Mkikuyu akiambiwa neno hilo maana yake ni nini. Amepewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Bila sahihi ya bwana katika pasi yake ya kazi haruhusiwi kukaa Nairobi, na watu wanasema huenda hata kwao asifike, akachukuliwa njiani.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni Baba. Bwana hakumweleza habari ya grisi, alimwambia tu kwamba kazi imeharibiwa makusudi, na Baba alipojitetea kwamba walifuata kitabu, bwana akasema kitabu hakina kosa, basi mwenye kosa ni mtu. Baba alirudi nyumbani akakaa bila kuvua koti, akamwambia Mama, "Kitabu hakikukosea, na mtoto hakukosea. Basi Kiragu alitia kitu kingine. Siku hizi humjui mtu." Sasa hawali pamoja tena.

Jumamosi iliyopita nilimkuta Bwana Kiragu akifunga sanduku lake kwa kamba, nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Ningesema nini, mwalimu? Niseme Zadock, tutoke wawili? Niseme mtoto?" Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nikisema kweli Baba atafukuzwa, nami huenda nikaacha shule, na watu wa kanisani watamcheka. Nikinyamaza Bwana Kiragu amekwisha. Kila siku namwombea. Bado natumaini kwamba kuna njia nisiyoiona, na ndiyo sababu nimekuandikia. Je, nimwambie nani?

Ni mimi,
Mwenye majuto, Dagoretti

JIBU

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na hasira.

Kutojua maneno yale hakukuwa kosa. Vitabu vya mafundi wa Ulaya huwashinda watu wazima wenye vyeti. Hata uongo wa Jumamosi ile ulikuwa wa mtoto aliyeona haya, nami ningekusamehe kabla chai haijapoa. Lakini uliporudi ukakisoma kitabu vizuri ulikuwa umekwisha kujua, kioo kilikuwa kizima, mvua ilikuwa bado, na ndoo ya maji ya sabuni na kitambaa vingemaliza habari yote. Ukanyamaza kwa sababu sifa zilikuwa tamu. Hilo ulilitenda ukiwa na akili zako zote, na sitakubembeleza.

Unasema unamwombea Bwana Kiragu. Mwombee ukiwa njiani kwenda kumtetea. Na njia usiyoiona haipo. Ungekuwa nayo usingeniandikia.

Unahofia kazi ya baba yako, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini pima vizuri. Zadock akifukuzwa atarudi River Road na spana zake, mtakula kidogo, nawe pengine utakaa nyumbani mwaka mmoja. Ni uchungu, siukatai. Kiragu akifukuzwa kwa neno lile, hatachagua mwenyewe pa kwenda. Naye alijua hivyo alipoulizwa, akafunga mdomo kwa ajili yako. Halafu baba yako, aliyemfundisha kazi, anamwona mhalifu, na kila siku unayonyamaza wewe ndiye unayemfundisha baba yako kumchukia rafiki yake. Kucheka kwa watu wa kanisani ni kitu gani mbele ya hayo?

Basi fanya hivi. Usimwendee Mama kwanza ili akusemee. Mwendee baba yako leo, kabla hajala, umwambie kwa maneno haya haya: "Baba, ule ukurasa sikuusoma. Nilikisia. Kitabu kinakataza grisi, nami nimejua hivyo tangu zamani." Usianze kwa machozi, maana atashughulika kukunyamazisha badala ya kukusikiliza. Akigomba, mwache agombe mpaka achoke. Ana haki.

Kesho yake nendeni wote wawili kwa mwenye gari. Baba asikubali kuibeba hadithi peke yake, wala asiseme alisahau. Wewe ndiwe utakayemsomea bwana ule ukurasa kwa Kiingereza, na ukikwama kwenye neno, mwambie umekwama. Kisha mwombe aandike kwenye karatasi, kwa sahihi yake, kwamba Kiragu hakuharibu kitu makusudi, alifanya alivyosomewa, na aitie sahihi pasi yake. Kama bwana hataki Kiragu aendelee kazini, shauri lake, lakini karatasi hiyo msitoke bila kuiomba. Mkiipata, mpeni Kiragu mkononi, na hapo ndipo utakapomwomba radhi, na baba yako naye amwombe.

Siwezi kukuahidi kwamba atakubali. Watu wenye hasira na mamlaka siku hizi ni wagumu kusikiliza, na neno likishafika ofisini kulirudisha ni kazi kubwa. Huenda mkafukuzwa getini. Nendeni hata hivyo.

Majina nimeyabadili, lakini gazeti hili linasomwa Dagoretti, na baba yako anajua ni nani aliyekuwa akimsomea kitabu. Asiyasikie haya kwa jirani. Kwa hiyo jibu hili nimelituma kwanza kwa posta, kwa anwani ya shule uliyoniandikia, siku nne kabla halijachapishwa. Kama posta imechelewa na unalisoma hapa, likunje gazeti sasa hivi, umtafute Zadock, mwende Kileleshwa leo leo. Na mkikuta chumba cha Kiragu ni kitupu, msigeuke kurudi nyumbani. Kagongeni mlango wa mbele wa bwana.