Raketi ya Buluu Niliyoichania Nailoni

Mpendwa Shangazi Vimla wa gazeti letu, kabla hujafika mstari wa pili nakuomba ufunge mlango, na ukimaliza usimwambie mtu, hata mumeo, maana hapa Jabalpur habari haikai.

Mimi ni karani wa klabu ya tenisi, shahada ninayo, na sheria ya klabu naijua: mfanyakazi hakanyagi uwanja wa nyasi ila akiwa na fagio. Duka lilituletea raketi tatu za kujaribu ili kamati ichague moja ya kununulia timu yetu, na wanakamati wakazijaribu zikiwa na nailoni kwenye mpini, kwa kuwa zinatakiwa zirudi kama mpya, na kwa kweli hata kwetu nailoni ya kiti cha skuta haijatolewa tangu baba ainunue, basi hakuna aliyeona ajabu. Kanali Bhadauria, mwenyekiti, akapiga na ile ya buluu, ikamzunguka kiganjani, mpira ukatua kwenye chai ya mkewe.

"Hii si raketi, ni kambare!"

Mkewe akajibu, "Kambare hana kosa, baba. Mvuvi ndiye tumuulize."

Watu walicheka, lakini ya buluu ikakataliwa, ikachaguliwa nyeusi.

Kesho yake alfajiri nilikuwa nazifunga zirudi dukani. Mzee Ramkhelawan, aliyeajiriwa kucheza na wanachama waliokosa mwenza, na ndiye pekee kati yetu anayeruhusiwa uwanjani bila fagio, akaniambia, "Karani, unazichungulia kama bwana harusi. Piga japo mmoja!" Nikavua viatu. Nyeusi ilinitetemesha mpaka kiwiko. Ya kijani ilikuwa nyepesi mno, sikujua kama nimeugusa mpira. Ya buluu iliteleza, na hapo, sijui nilipagawa na nini, nikaichana nailoni. Shangazi! Mpira ulikaa kwenye nyuzi kidogo, kama unaniuliza nataka uende wapi, kisha ukaenda palepale, nami nikacheka kama mwehu, nikapiga mwingine, na mwingine, mpaka mzee akasema, "Haya, sasa nani atamwambia Kanali?"

Jumamosi kamati inatia saini kununua nyeusi, na mpaka hapo raketi zote tatu bado ninazo ofisini. Nikisema, nitafukuzwa kwa nyasi na kwa nailoni. Nikinyamaza, timu nzima itaumwa viwiko na mimi ninajua. Nifanyeje?

Tafadhali usichapishe kabla hujanijibu kwa bahasha. Usipige simu ofisini, anapokea Kanali. Peleka kwenye duka la tambuu la Bwana Lakhera, nyuma ya klabu, juu uandike "Risiti ya nyuzi". Napita saa nne asubuhi.

*

Kijana wangu, jina lako nimelificha, ingawa umenitajia mpaka chai ya mke wa Kanali, kwa hiyo klabuni kwenu atakayeshindwa kukutambua ni paka tu.

Nakuonea huruma, kazi ni kazi. Lakini hebu jisikie! Mtu mwenye shahada anatetemeka kwa sababu ya kipande cha nailoni, wakati kamati nzima imeonja peremende na karatasi yake! Nyasi hukuziumiza, ulivua viatu. Kosa lako ni moja: unajua na umekaa kimya.

Bahasha hii utaipata Alhamisi. Gazeti linatoka Ijumaa, na Kanali hulisoma. Una siku moja ya kusema mwenyewe kabla mimi sijakusemea.

Leo jioni mpe raketi ya buluu mke wa Kanali, si Kanali. Mwambie, "Mama, naomba upige mara tano." Mwenye ulimi ule hatakosa mkono. Akishafurahi, simama mbele ya mumewe useme yote, nailoni na nyasi. Mzee Ramkhelawan usimtaje; wewe ndiye uliyepiga. Samahani iwe moja, si kumi. Kisha omba ruhusa ya kucheza kila alfajiri kabla wanachama hawajaamka. Omba kwa maandishi, nakala mbili. Wewe si karani?