Kifuko Kimoja kati ya Mamia

Jumatatu, 4 Novemba 2019
Hospitalini Brest, Ufaransa. Siku ya ishirini na tatu ya homa ya Goulven, mdogo wangu. 39.2 asubuhi. Ugonjwa ni uleule uliomwua mama: figo zimejaa vifuko vya maji, mamia. Kimoja kimepata maambukizi – kipi? Ultrasaundi haikukiona. CT scan nayo ilionyesha vifuko vyote vinafanana. Dawa ya pili imeshindwa. Daktari Quéméneur, mpasuaji, anashuku figo ya kulia, maana maumivu yako upande huo. Itatolewa Ijumaa. Ikitoka, ya kushoto peke yake haitatosha; Goulven ataishi kwa mashine ya kusafisha damu.
Imebaki picha moja, ya PET, kesho. Anadungwa sukari yenye mionzi kidogo. Penye maambukizi panawaka. Sharti: asile kitu tangu leo usiku.

Jumanne, 5 Novemba
Hakupigwa picha! Bleuenn, mpiga picha, alimuuliza kama amekula. Hata tonge, akasema. Bleuenn akatazama sharubu zake.
“Na hizi chembe za keki, mzee?”
“Ah, hiyo ni kahawa tu!”
Kwa wakulima wa kwetu, keki ya siagi iliyochovywa kwenye kahawa ni kahawa. Chakula ni cha saa sita. Shangazi Soazig ndiye aliyempelekea. Wagonjwa walicheka. Bleuenn hakucheka: baada ya keki, sukari ya mionzi ingekimbilia kwenye misuli na picha ingedanganya. Nafasi nyingine ni Alhamisi.
Miaka thelathini nauliza watu maswali gazetini. Yeye nilimwambia tu asile. Kahawa sikuitaja.

Jumatano, 6 Novemba
39.7. Anatetemeka hadi kitanda kinalia. Shangazi amekuja na mfuko, nimeuchukua mlangoni.
“Unanipekua kama mtu wa forodha?”
“Ndiyo, shangazi.”

Alhamisi, 7 Novemba
Picha imepatikana. Kwenye figo, hakuna kifuko kinachowaka hata kimoja. Kwenye ini, pete moja ya mwanga, ndogo kama kifungo cha shati. Vifuko huota huko pia. Ini nalo liko kulia.
 Quéméneur akasema picha ni mwanga, si usaha; hafuti upasuaji. Kesho saa nne watakichoma sindano kifuko cha ini. Usaha ukitoka, figo inabaki. Maji safi yakitoka, figo inatolewa kesho hiyohiyo.

Ijumaa, 8 Novemba
38.9. Goulven amemwinulia Bleuenn kidevu: “Kagua sharubu, afande.”
Saa nne na dakika kumi. Niko nyuma ya kioo, naandika nimesimama. Chumba cha upasuaji, ghorofa ya juu, kimeshaandaliwa. Sindano imeingia. Daktari anavuta. Kuna kitu kinapanda kwenye bomba – kina rangi. Usaha, au damu ya mchomo wa sindano tu? Kutoka hapa sioni. Quéméneur ameinama kutazama. Sitaandika nisichokiona.