Muuza Mikate Alijua Nisilolijua

Mpendwa Mama Aristila mshauri wetu, naomba msaada wako, maana tangu siku ile sokoni hapa Athene moyo wangu haujatulia, mimi Filagro niliyekaa miaka sita kwa walimu wa falsafa nikisoma busara ni nini na ushujaa ni nini, hata nimepewa vijana wa kuwafundisha mwezi ujao, na juzi mzee mmoja mtengeneza ngozi, aliyefiwa na mwanawe vitani, akaja sokoni amejiwekea kisu shingoni, na sisi wanafunzi tukasimama tunabishana kama ni haki kumzuia mtu aliyechoka kuishi, mimi nikiogopa hata kumsogelea, ndipo akapita Mirto muuza mikate, asiyejua hata kuandika jina lake, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Mzee wangu, niazime hicho kisu nikate jibini, changu butu," na mzee akampa, Mama, akampa kama mtu aliyeamshwa usingizini, naye akakata jibini akamlisha.

Nikamuuliza ametumia kanuni gani. "Kanuni?" akacheka. "Nilimwona hajala, baba."

Kesho yake akaja mlevi na kisu, nikasubiri jibini, kumbe Mirto akamchapa mkononi kwa ubao wa mikate na kupiga yowe. Nikamwambia, "Mbona jana ulikuwa mpole?" Akanitazama kwa huruma: "Jana alikuwa mtu mwingine."

Nimeona kitu kikubwa kuliko masomo yangu yote. Je, niache shule nimfuate yeye?

*

Filagro mwanangu, una haki ya kushangaa. Nami nilipofika kwenye jibini niliinuka kitini. Ila usinichoshe na habari za kuacha shule. Masomo hayana kosa. Kosa ni kudhani ukijua jina la dawa umepona. Mirto ametazama nyuso za wanunuzi miaka mingi, wenye njaa, wenye hasira, waongo, na mkono wake umezoea kutenda jema kabla mdomo haujalieleza. Mazoea hayo hayapatikani kwa kubishana. Tena usiligeuze jibini kuwa kanuni, utamlisha mlevi akukate koo. Wafundishe vijana, na siku ya kwanza waambie jinsi ulivyosimama kama nguzo.

Lakini limenikera jambo moja. Umenieleza hofu yako, umemsifu Mirto, ila yule mzee wa watu hukumtaja hata jina, wala husemi leo yuko na nani. Ulizia nyumba yake, uende sasa hivi. Usiandae maneno. Ukifika, mtazame.