Kompyuta Siuzi, na Bunju Siendi

Mtoni, Temeke
Jumapili mchana, nimetoka kanisani

Baba yangu,

Shikamoo. Na nyingine mpe Mama, maana najua ameacha alichokuwa anafanya na kuja kusimama nyuma yako asikilize. Kifua chako kinasemaje na baridi ya huko? Viazi vimekubali safari hii, au mvua imevifanyia ile ile ya mwaka jana? Na goti la Mama, linamruhusu kupanda kile kilima cha kanisani? Mimi mzima. Joto la Dar limenikausha kidogo, lakini kula nakula, kulala nalala, na kule kwenye ghala la sabuni bado ni karani yule yule wa kuhesabu makatoni yanayotoka. Bosi hajawahi kunilalamikia.

Nimeandika kwa mkono na kumpa kondakta wa basi la Njombe kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, tena kwa sauti ya juu, halafu unakata. Karatasi haikatwi. Unaweza kuichana, ila nakujua, hujawahi kuchana kitu kabla ya kukisoma mpaka mwisho. Basi kaa chini tuzungumze.

Uliniambia niuze kompyuta. Ukaniambia pia nihame hapa Mtoni nikaishi Bunju kwa mdogo wako, baba mdogo Eliasi, ili awe ananiangalia. Jibu langu kwa yote mawili ni hapana. Nimelitanguliza ili usisome ukurasa baada ya ukurasa ukitegemea nitalegea. Sasa nakupa sababu zangu, maana hukutulea tukatae vitu bila kusema kwa nini.

Tuanze na kile ulichoambiwa. Baba mdogo alikuja kwangu bila taarifa, akachungulia chumbani, akaona sanduku la aluminiamu na vioo, linawaka taa ndani. Akakupigia hapo hapo uani kwamba Faraja kaacha kazi, anauza chipsi. Jioni nikamweleza kwamba lile si kabati la chipsi, ni kompyuta ya kuchezea gemu. Akakupigia tena, na habari hiyo ya pili ikakuuma kuliko ya kwanza. Chipsi ungenisamehe!

Kompyuta ya namna hii, Baba, mtu wa mshahara wangu hainunui nzima kama redio. Nzima zipo, zimepangwa madukani mjini zinameremeta, na bei zake sizitaji kwenye barua ya Jumapili. Wengine tunaunga. Unanunua kifaa kimoja, unakaa, unanunua kingine, na kila ukiongeza hapa unapunguza pale, kama Mama anapokwenda gulioni na hela ya chungu kimoja. Kuna prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri. Kuna kadi ya picha, ambayo ndiyo inayochora unachokiona, na kwenye gemu hiyo ndiyo yenye kazi kubwa. Kuna kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuvigawia vingine vyote, mafundi wanakiita pawa saplai. Prosesa nikachukua iliyotumika, imetolewa kwenye mashine za ofisini zinazokuja na makontena, maana hiyo ikiwa nzima haina ubaya. Nilichookoa hapo nikakipeleka kwenye kadi.

Ungeniona siku ya kadi ungecheka. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno mengi, kanyoa kipara, na tangu naingia macho yake yalikuwa yanamtafuta mwanaume niliyekuja naye.

"Sista, unamchukulia mdogo wako?"

"Najichukulia mwenyewe."

"Basi beba hii yenye mataa. Ukiiwasha tu, geto zima disko."

"Mie disko la nini? Nipe ile uliyoificha chini ya kaunta."

"Aa, ile imetumika hiyo."

"Hata viatu nilivyovaa vimetumika. Iwashe."

Baba, pale dukani kitu cha mtumba kikishatoka mlangoni hakirudi, hata kama kimekufa ukiwa bado unavuka barabara. Kwa hiyo kila kitu unakipima pale pale mbele yake. Wengine wanaona aibu, wanapima kidogo tu wasimchoshe mwenye duka. Mimi nikaomba stuli. Nikakaa nayo ile kadi, feni yake inazunguka, mkono wangu karibu nayo nasikia joto lake, yeye akahudumia wateja, akala wali wake, akarudi akanikuta. "We dada mbishi," akasema. Nikamwambia nimetoka nao nyumbani huo ubishi. Sikumwambia kwa nani.

Kulikuwa na kadi nyingine kubwa zaidi, na kwa kubanabana ningeifikia. Nikaiacha. Nyumba tunayopanga ina mita moja ya luku, wapangaji tunachangia wote, na kadi ile ingekunywa umeme wa watu. Baba mdogo alikwambia nawaibia wenzangu umeme. Muulize kama anajua nilichokiacha dukani kwa ajili yao. Na siku nikicheza sana naongeza mchango wangu kabla sijaambiwa. Pawa saplai nayo nilinunua mpya, nzuri, na yule kijana akanisema kwamba natupa hela kwenye kitu ambacho hakuna mtu atakayekiona. Lakini jirani yangu runinga yake iliungua umeme uliporudi kwa kishindo, na mimi si mtu wa kuunguza jasho langu kwa ajili ya mapambo.

Nilipokosea ni kwenye sanduku. Kazini walitupa kompyuta mbovu, nikaomba boksi lake la chuma, nikaona hapo nimeokoa. Nikavipanga vyote vizuri, na kadi ikagoma. Ndefu! Imezidi kama upana wa vidole viwili. Nilikaa nayo mapajani nikaitukana, Mungu anisamehe, halafu nikatoka kwenda kwa fundi Issa, huyu wa hapa barabarani anayetengeneza madirisha ya aluminiamu na makabati ya chipsi.

"Dada, la chipsi peke yake au na mishikaki?"

"La kompyuta, kaka Issa."

"Sawa. Mlango wa kutolea chipsi unautaka upande gani?"

"Hakuna chipsi humo ndani. Hewa iingie mbele, itokee nyuma. Na mbele uniwekee wavu wa mbu, vumbi lisipite."

"Wavu. Sawa. Na nzi pia hawatapita."

Nikampa vipimo, akavifuata vizuri kabisa. Ila mkono umezoea, Baba. Nilipokwenda kulichukua nikakuta vioo vya kusukuma huku na huku, taa juu kwa ndani ya kuonyesha mali, na kwenye kioo ameshabandika stika nyekundu: KARIBU CHAKULA. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alitaka kuibandua, nikamkataza. Hivyo sanduku langu halina mfano Dar nzima, kadi imeingia na nafasi imebaki, na vumbi la Mtoni linaishia kwenye wavu. Ndilo aliloliona baba mdogo. Simlaumu kwa kudhani ni kabati. Namlaumu kwa kupiga simu kabla ya kuuliza.

Sasa nije kwenye lenyewe. Watu wengi, hata kaka Onesmo, wamenishauri nikwambie kompyuta hii ni ya kazi. Niseme nahariri video za harusi, au najifunza uhasibu, ndipo utanielewa. Baba, sitakudanganya. Nimeiunga ili nicheze. Nikitoka ghalani, miguu inawaka, nafunga mlango, navaa vile vipokea sauti, na kwa muda ule hakuna anayeniuliza katoni ngapi zimetoka. Nakimbia, napigwa, nashinda, napiga kelele. Ndiyo raha yangu. Wewe kila jioni unakwenda kwenye drafti pale stendi na visoda vyenu, unarudi unamsimulia Mama jinsi ulivyomfunga mzee wa watu, na sijasikia hata siku moja mtu akikuuliza drafti inaleta nini nyumbani. Onesmo ana mpira wake, na magoti yake ameyamaliza huko, mnampa pole. Mimi msichana wenu nikitaka kucheza, ndiyo kikao kinaitishwa. Ningekuwa nimenunua kabati la vyombo mngepiga vigelegele. Inaniudhi, Baba, nakwambia bila kuficha. Nafanya kazi, najilisha, nawatumia ninachoweza, kanisani mnaniulizia wenyewe kwa mchungaji kama nakosa. Kilichobaki baada ya hayo ni changu.

Haya, jana Jumamosi baba mdogo amekuja. Amekuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na dereva wake, wakakiegesha kinyumenyume hadi mlangoni. Wapangaji wote walikuwa uani wanafua. Nikamwamkia, nikamletea kiti, nikamletea maji. Hakunywa.

"Kusanya vitu, twende."

"Siendi, baba mdogo."

"Sikukuuliza. Kaka ndiye kasema. Na kile kitanda kanunua yeye, kwa hiyo kinaondoka leo, uwepo usiwepo."

Wapangaji wakaacha kufua. Bi Mwanahawa, mwenye nyumba, ambaye kabila lake na letu ni mbali na dini mbali, akataka kusema kitu. Nikamwomba aniachie. Nikaingia ndani, nikatoa godoro na kuliegemeza ukutani, nikachukua bisibisi niliyoungia kompyuta, nikakifungua kile kitanda mwenyewe, skrubu moja moja. Baba mdogo alidhani natania. Nilipombebea mbao za ubavuni mpaka kwenye gari ndipo akaona sitanii. Alitegemea nitakifuata kitanda, maana hakuna binti wa watu anayelala chini kwa hiari yake. Kikafungwa kamba, akapanda mbele, akaacha mlango wazi kwa ajili yangu.

"Panda, Faraja. Kaka kasema usipopanda hapa, usimwite tena baba."

"Safari njema. Mnisalimie mama mdogo."

Wakaondoka. Niliingia ndani nikalia. Sikulilia mahali pa kulala, godoro ninalo. Nililia kwa sababu kile kitanda ni cha mbao za kwetu, ulikipakia juu ya basi kwa mikono yako nilipopata kazi, na ulinifungia skrubu zile zile nilizozifungua jana. Nilikuwa naziona na alama za bisibisi yako. Hilo liliniuma, na mpaka sasa linaniuma.

Bi Mwanahawa akabisha hodi, mkononi ana mkeka. "Tandika chini ya godoro, saruji ina baridi. Na huyo mume wako wa vioo umwashe basi, tumuone na sie, tumechoka kusimuliwa." Nikaiwasha. Wakajaa mlangoni wote na mapovu mikononi.

"Huyo anayekimbia mbele ndo wewe?" akauliza.

"Ndo mie, bibi."

"Na wale nyuma?"

"Wanataka kuniua."

"Kha! Sasa unanitazama mimi wa nini? Kimbia!"

Nilishinda, Baba. Walipiga vigelegele mpaka watu wa nyumba ya pili wakaja kuuliza nani anaolewa.

Nakaribia kumaliza, karatasi inaisha. Nisalimie Mama, mwambie ile sweta aliyonifumia naitumia kama mto. Kaka Onesmo mwambie ushauri wake nimeusikia na sikuufuata. Bibi mzaa baba mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu, umwambie kwa sauti kwamba sijauza chipsi. Shangazi wa pombe ya ulanzi na wateja wake wote nawasalimu. Na baba mdogo Eliasi akikupigia, mwambie sina kinyongo naye, milango ya kwangu ni ile ile, abishe hodi.

La mwisho ni hilo neno ulilomtuma. Nimelala nalo, nimekwenda nalo kanisani, nimerudi nalo, na jibu lake halitofautiani na lile la kwanza. Kitanda nimekurudishia kwa sababu ulikinunua wewe. Jina la Baba hukulinunua, nilikuta nimezaliwa nalo mdomoni, na sikurudishii. Utakata simu, nitakuita. Utakuja hapa na hasira zako, nitatoka mpaka barabarani nikupokee begi, na watu wote wa Mtoni watanisikia ninavyokuita.

Shikamoo, Baba.

Mwanao, ambaye hahami,
Faraja