Mistari Miwili ya Chai Iliyomfungia Mama Njia

Kimulot, Konoin
Juni 15, 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipyegon,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwa Mama. Nakuandikia nikiwa jikoni, karibu na moto, maana mvua haijaacha na baridi ya msituni ni kali. Sisi ni wazima. Je, wewe, Janeffer na watoto mu hali gani huko Kanada? Kifua cha mdogo kimepona? Tunamwombea.

Mama yuko salama. Natanguliza hilo usije ukashtuka. Mwezi uliopita aliteleza kwenye matope akipanda kwenda barabarani, siku yake ya kliniki ya presha. Hakuvunjika, ila goti lilifura. Majirani walimpandisha kwa wilbaro. Mimi niliambiwa jioni, kwa simu.

Unajua tulivyokubaliana, kwamba nimhamishie kwangu Kericho mjini. Wiki jana Jumamosi nilikuja na gari kumchukua. Nilikuwa hata nimemnunulia kitanda. Yeye mwenyewe sikuwa nimemwuliza.

Gari nililiacha kule juu barabarani kwa sababu ya matope, nikateremka kwa miguu. Nilipoona watu wamejaa uani nilishtuka, nikadhani ni msiba. Kumbe ni mkutano. Mzee Gibson, yule wa pikapu ya maziwa, alikuwa na majirani wakipanga jinsi wazee wa upande huu wataendelea kuishi kwao bila taabu. Pikapu itawaachia wazee wenye kliniki kiti cha mbele. Yunia na mumewe Onchiri watachimba mtaro maji yasiharibu njia. Walinipa kiti na chai, wakanishukuru kwa kuwatembelea. Kuwatembelea, Kipyegon, katika boma nilimozaliwa.

Walipofika kwa habari ya njia yenyewe, wakairuka upesi, wakarudi kwenye mtaro. Nikauliza kuna shida gani. Gibson akatazama chini, akasema wataona namna. Ni Mama aliyenijibu, bila hasira.

"Chepkurui, ni chai yenu imefunga njia. Gari haiwezi kupita."

Nilitamani ardhi inimeze. Ile mistari miwili ya mwisho ya shamba lako, iliyoingia njiani, ni mimi niliyesimamia ipandwe mwaka juzi, nikakutumia picha, ukafurahi. Onchiri, ambaye shamba lake ni dogo kuliko lako, alikuwa ameshang'oa mashina ya upande wake. Kwetu hakuna aliyesema neno, kwa heshima ya marehemu Baba.

Watu walipoondoka nilimwuliza Mama mbona hakuniambia.

"Ukipiga simu huwa unaniuliza mavuno," akasema. "Nami nakujibu mavuno."

Habari ya kumhamisha sikuitaja tena. Jumatatu niliazima jembe, nikaanza kung'oa. Shamba ni lako na sikungoja ruhusa. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Yunia alikuja kunisaidia bila kuitwa. Tuling'oa pamoja, nami sikuweza kumtazama usoni.

Alhamisi, siku ya kliniki, pikapu iliteremka hadi mlangoni. Mama akapanda mbele, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Nilipotaka kupanda naye, Gibson aliniambia kwa upole kwamba nafasi iliyobaki ni ya mzee Kiplimo wa kule chini, naye anangoja. Nikabaki hapo mlangoni, nikiwapungia mkono.

Mpigie Mama simu, ndugu yangu. Usipitie kwangu.

Nisalimie Janeffer na watoto. Shangazi Cherotich naye anawasalimu. Mama anasema Mungu awafunike huko mliko na awarudishe siku moja.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata katika aibu hii,
Chepkurui