Kikombe Alichokunywa Shemeji

Kadutu, Bukavu, Jumapili

Yaya yangu Eulalie,

Nakusalimu kwa upendo wote wa tumbo moja. Hapo Walungu mnaendeleaje? Mgongo umepoa, au bado unalima huku umeshika kiuno? Watoto wamepona mafua? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaonisumbua. Nimeianza barua hii nikaiacha, nikaenda kufua nguo zilizo safi, nikarudi.

Unajua shule yetu ilivyochoka na kesi. Mwalimu akinyimwa saa za kufundisha, mahakamani. Sekretere akitukanwa, mahakamani. Ndiyo maana mumeo Apollinaire, kwa uprefe wake wa kuiongoza shule, aliniweka niongoze kamati ya maelewano. Nilijivuna, sikufichi. Na kesi zilipungua kweli.

Kisha ikaja ya Lydie, mwalimu wa hesabu. Alipotoka likizo ya uzazi alikuta darasa lake kapewa mwingine, akamshitaki shemeji. Nilimbembeleza hadi midomo ikakauka: aondoe mashitaka, naye prefe amrudishie darasa. Wakakubaliana mbele ya kamati. Nikaleta kasiksi, wakainywa kwa kikombe kimoja, kama tunavyofanya nyumbani ndugu wakipatana. Hakuna aliyetaka sahihi. Baada ya pombe ile ya ndizi ningemdai vipi shemeji yangu sahihi? Lydie akaondoa mashitaka.

Muhula ulipoanza, darasa halikurudi. Prefe anasema hakuahidi kitu, eti tulikunywa tu. Wenzangu wa kamati wanaangalia chini, kila mmoja anaogopa kuhamishiwa Shabunda, kule msituni. Lydie alinijia na mtoto mgongoni, akaniambia: "Madame, ni weye ulinipa ile kikombe." Nilikasirika, Yaya. Nilimkasirikia yeye kwanza, halafu mumeo, halafu mimi mwenyewe.

Sasa kaa chini usome. Lydie amerudi mahakamani, na Alhamisi shahidi wake ni mimi. Nitasema nilichokisikia kwa masikio yangu. Shemeji bado hajui. Nimetaka wewe uyapate kwangu, kabla hayajafika sokoni. Najua kazi yake ndiyo inayosomesha watoto wenu, na kila nikilifikiria hilo nasimama, nakaa, nasimama tena.

Nikumbatilie watoto, na Maman umwambie namuombea kila Misa. Ila nakusihi, usishuke Bukavu kabla ya Alhamisi. Nikiuona uso wako, nitanyamaza.

Mdogo wako anayekupenda,
Gisèle